Uliwahi kuchangisha hela ya bustani ya shule hapa Dar? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari za Jumapili.

Shule niliyosoma huku Mbagala, mwalimu wa mazingira ametuomba sisi tuliomaliza 1999 tumsaidie kufufua bustani ya mboga. Watoto wanapata uji saa nne, na siku za makande hakuna hata jani moja pembeni ya sahani. Uhazini nimebebeshwa mimi, kisa niliwahi kushika hela za kamati ya harusi na hazikupotea.

Mpaka jana usiku ahadi ni 1,340,000. Iliyoingia 415,000. Hilo halinishangazi, ndiyo michango ya Dar. Nawauliza mliokwisha kupita njia hii: hela yenu iliishia wapi, na hiyo bustani leo ikoje? Nadharia wekeni kando, nipeni mliyoyaona.

Kitunguu Maji

Mkuu, mimi ni wa jogging, Temeke. Tuliamua Jumapili moja tukimbie kuchangia bustani ya shule jirani, kila mtu 15,000, anapata fulana na maji ya kunywa. Tulifika watu 140, spika mbele, nyimbo, akina mama wanatupungia vibarazani. Ilipendeza sana.

Jioni ndiyo daftari likafunguliwa. Imeingia 2,100,000. Fulana na kuchapa 9,500 kila moja, imeondoka 1,330,000. Spika na jenereta, maji katoni kadhaa, gari la kutembea nyuma yetu, na "supu ya viongozi" (imeandikwa hivyo hivyo, kwa wino mwekundu). Shule ikapata 210,000. Walinunua majembe, reki na keni nne. Fulana yangu bado ninayo, nafutia pikipiki.

Mleta mada

Hapo kwenye supu nimecheka mpaka wife kaja kuchungulia simu.

Bi Mkubwa wa Kijichi

Wanangu, mimi ni mama mtu mzima, nimekaa kamati ya shule miaka sita, acha niseme kwa kirefu.

Sisi hatukukimbia. Wazazi tuliuza bagia na vitumbua getini Ijumaa nne mfululizo, tukapata 380,000. Tukalima matuta kumi na mawili nyuma ya madarasa. Jirani mmoja ana kuku wa kisasa, akasema mbolea chukueni bure, lipieni guta tu. Zikaja viroba ishirini asubuhi, mchana watoto wameshamwaga yote, jioni tumehamishia miche ya chainizi na nyanya chungu. Tukapiga na picha.

Siku ya nne nikapita. Majani yamekunjamana, kingo zina rangi ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Nikajua tumerogwa. Akaja bwana shamba wa kata, akachimba kidogo kwenye tuta, akanishika mkono akauingiza udongoni. Pamoto! Akasema mama, mbolea ya kuku hii ni mbichi, ilitakiwa ikae kivulini wiki kadhaa, mwagie maji, funika, geuza, ikishapoa na kuacha kunuka ndiyo uitie shambani. Ile ya bure ikatugharimu miche yote.

Tukaanza upya na mchicha, maana mbegu zake ni rahisi na haukuchoshi kusubiri. Siku ya ishirini na tano tumeng'oa wa kwanza, ukachanganywa kwenye maharage. Mpishi aliniambia sufuria lilirudi limekwanguliwa.

Halafu ikaja Desemba. Hapa ndipo nataka mnisikilize. Shule ikafungwa, walimu makwao, watoto makwao, wengine mikoani kabisa. Narudi Januari nakuta matuta yamepasuka kama kisigino. Kilichopona ni nyanya chungu tatu chini ya bomba linalovuja. Yaani bomba bovu ndilo lililokuwa na akili kuliko kamati nzima.

Mwaka uliofuata tukamwita mlinzi tukamwambia: baba, Juni na Desemba kila kinachoota humu ni chako, kula, uza, gawa, hatukuulizi. Kazi yako maji tu. Hatukumpa hata senti. Toka hapo haijakauka.

Chaki Nyeupe

Shikamoo Mama Kijichi. Mimi ni mwalimu, naongezea la upande wetu.

Mleta mada, usimtumie mwalimu hela kwenye simu yake. Hata kama unamwamini kama ndugu yako. Tangu Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni Januari 2018, walimu wakuu wengi wanaliogopa neno lenyewe "mchango", na wana haki. Anzeni na kikao cha kamati ya shule, mhtasari uandikwe kwamba ni wahitimu wamejitolea, hakuna mtoto anayedaiwa, na mtendaji wa mtaa ajue. Mkiweza, leteni vitu: tanki, mpira wa maji, mbegu, pamoja na risiti zake. Kitu kikiingia kwenye leja ya shule, mwalimu mkuu akihamishwa kinabaki.

La pili linaniuma zaidi. Wazee wetu walisoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu Nyerere ya 1967, shamba la shule lilikuwa sehemu ya masomo. Sisi tumelirithi jembe kama adhabu. Mtoto kachelewa, kamwagilie. Kapiga kelele, kapalilie. Kisha tunashangaa hataki kuuona mchicha. Pale kwangu nimebadilisha: wanaomwagilia ni walioomba, na Ijumaa kila mmoja anabeba fungu nyumbani. Sasa hivi nina orodha ya wanaosubiri zamu.

Fundi Bomba

Naongea maji tu. Tuta moja la mchicha, keni mbili asubuhi na mbili jioni. Keni ni lita 10. Matuta 12 ni lita 480 kwa siku. Simtanki la lita 2,000 linakupeleka siku nne tu, na hapo hujanawisha watoto mikono. Mnaokumbuka Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua tukaingia kwenye mgawo, bustani ngapi za shule zilikufa mwezi ule? Usianze na matuta 12. Anza na manne, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na weka mfereji wa bati unaoshusha mvua ya paa kwenye tanki. Masika moja tu utaona.

Nakaa Pale

Nakaa pale nasoma comments.

Pantoni ya Saa Kumi

Kigamboni hapa. Sisi hela haikuwa tatizo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Marafiki wa nje walituchangia kitalu nyumba, ile ya nailoni, na sharti la kibao getini chenye majina yao. Kibao cha chuma, rangi mbili, kina miguu ya zege. Kitalu kikasimama Januari. Wakuu, Januari ya Dar mnaijua. Saa sita mchana ukiingia mle unatoka umelowa, nyanya zikapukutisha maua yote, zilizobaki zikaliwa na kanitangaze, yule mdudu wa nyanya. Kisima cha shule nacho maji ya chumvi. Upepo wa kusi ulipoanza, nailoni ikachanika ikawa bendera.

Tulichofanya baadaye kiligharimu karibu na bure. Mchanga wetu haushiki maji, basi tukajaza udongo na mboji kwenye viroba na matairi chakavu, tukaweka karibu na jiko ili maji ya kuoshea mchele na mboga yaende huko. Matembele hatukununua mbegu, tuliomba marando kwa majirani, unachomeka tu. Yameshika. Kibao bado kipo, na ni kirefu kuliko kila kitu kilichowahi kuota pale.

Kitunguu Maji

Kibao na fulana ni ndugu wa tumbo moja.

Mtoto wa Buguruni

Mimi niseme lililonikuta bila kutaja mtu wala kundi. Tulichanga kupitia namba ya simu ya mwenzetu mmoja, bustani ya mtaa, ya akina mama na vijana. Ilifika laki saba. Akafiwa, akaikopa "kidogo". Hakuwa mwizi, alikuwa na shida na hela iko mfukoni mwake. Mpaka leo tukikutana sokoni mmoja wetu anageuza njia. Mhazini, fungua namba ya kikundi, hela isitoke bila watu wawili kukubali. Na kila jioni tupia orodha kwenye kundi, jina na kiasi, hata kama ni buku. Watu wanalipa ahadi wakiona jina la jirani limewekewa tiki.

Mpiga Debe Mstaafu

Mnahangaika. Watoto wana njaa, nunueni dagaa na mchele, biashara imeisha.

Bi Mkubwa wa Kijichi

Dagaa ukiwa nao walete mwanangu, tutawaunga na mchicha.

Mleta mada

Shikamoo Mama Kijichi, na asanteni wote. Nimesoma yote mara mbili.

Fulana hazipo tena, kuna mtu alishaanza kuchora nembo nimemwomba apumzike. Kibao hakipo. Matuta manne. Namba ya kikundi tunafungua kesho na mwenzangu wa Chang'ombe. Orodha nimetupia saa moja iliyopita, na toka hapo zimeingia 90,000 za watu watatu waliokuwa kimya tangu mwezi uliopita.

Nimempigia mwalimu kuuliza habari za mlinzi. Kumbe hawana, aliacha kazi mwaka jana. Ila kuna mama anauza ubuyu na barafu getini, likizo zote yupo kwa sababu anakaa nyumba ya pili. Mwalimu kaenda kumuuliza nikiwa bado hewani. Amekubali kumwagilia, lakini mchicha hautaki. Anataka tuta moja liwe la bamia.