Mnaomponda Meg White eti hajui kupiga dramu, leo mmenifikisha

Wakuu, salamu baadaye, kwanza nitoe povu. Kila ikitajwa bendi ya roki The White Stripes humu lazima atokee mjuaji aandike eti bendi ilikuwa Jack White, mwimbaji na mpiga gitaa, peke yake, na Meg yule dada wa nyuma alikuwa anagongagonga tu kama mtoto aliyepewa masufuria. Jana nimeikuta tena na laiki kibao. Aisee mnazingua.

Bendi imeanza Detroit, Marekani, 1997, watu wawili, mpiga besi hakuna. Sasa hapo ukimweka mpiga dramu wa mbwembwe anayejaza kila upenyo, Jack atapita wapi? Jamaa alikuwa hapandi jukwaani na orodha ya nyimbo, anaanza wimbo huu anarukia ule katikati, anapunguza spidi, anapandisha, na Meg anamkodolea macho anamfuata hukohuko, akinyamaza naye kimya, akirudi anakutana na kishindo. Hiyo ndo kutojua? Haya.

Chukueni wimbo wao Seven Nation Army wa 2003. Ule mlio wa mwanzo mnaodhani ni besi ni gitaa lililofanywa litoe sauti nzito ya chini kwa pedali (kifaa cha kukanyaga kwa mguu), na chini yake dada anashusha dum, dum, dum, dum, hapambi chochote, anakusubirisha weee mpaka gitaa lipasuke ndo anayafungulia matoazi. Tia mbwembwe pale uone kama mashabiki wa Club Brugge, timu ya mpira ya Ubelgiji, wangeubeba kuuimba uwanjani mwaka uleule, uone kama Waitaliano wangeuimba Kombe la Dunia 2006. Na nyie nyie mnaopiga kelele za "poo po po po po poo po" banda umiza timu ikifunga ndo mnakuja huku kumtukana, hata haya hamna!

Kinachonichefua zaidi ni kumbebesha lawama za bendi kufa. Kiangazi cha 2007 walizunguka Kanada nzima, kila jimbo, mpaka kaskazini kule kwenye baridi, na mji wa St. John's wakapiga shoo ya noti moja tu wakasepa (ile naipenda mpaka kesho). Septemba ziara iliyobaki ikafutwa kwa sababu Meg alikuwa na tatizo kubwa la wasiwasi. Mtu anaumwa, nyie mnamwita mwoga. Angekuwa mwanaume mngesema kapambana sana, apumzike. Kuachana rasmi kama bendi ni Februari 2011, na kumbuka hawa walikuwa mke na mume, talaka 2000, halafu albamu 5 kati ya 6 zimetoka baada ya hapo. Wangapi humu mnaweza kufanya kazi na eksi wenu hata wiki moja?

2023 kuna mwandishi huko kwao alileta upuuzi huuhuu Twitter, wanamuziki wakamchamba, Questlove, mpiga dramu wa The Roots, akiwemo, mpaka akaomba radhi. Jack mwenyewe miaka yote anamtetea. Novemba 2025 wameingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ile heshima ya magwiji wa roki huko Marekani, majina yote mawili, Meg hakutokea wala hana habari na nyie.

Mwenye hoja alete wimbo na dakika tusikilize wote, sio "mi naona tu". Na mods tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa jana.