Mjadala: Muuza chai wa Ngamiani alipie nyimbo anazopiga kwenye simu yake?

Mwenye kibanda cha chai, Ngamiani

Assalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nina kibanda cha chai Ngamiani, hapa Tanga. Asubuhi ni vitumbua, mahamri kwa mbaazi za nazi, na mkate wa kumimina; jioni mihogo na samaki wa kukaanga. Na muziki. Unatoka kwenye simu yangu, unapitia sabufa niliyonunua siku ilipofika zamu yangu ya mchezo. Nyimbo nilijaziwa na fundi kwenye memori kadi, zaidi ya mia tatu: taarabu za zamani za hapahapa kwetu, na bongo fleva ili vijana wasinikimbie.

Juzi kapita kijana na faili kwapani. Kaagiza chai, kala vitumbua vitatu, na kalipa, niseme ukweli. Kisha kaniuliza: "Mama, una leseni ya muziki?" Nikacheka. Leseni ya biashara ninayo, ya muziki nikadhani ni ya bendi, mimi siimbi. Akanieleza kwamba wimbo ukilia mahali pa biashara unamfanyia kazi mwenye biashara, kwa hiyo mwenye wimbo anadai chake. Akaahidi kuniletea karatasi ya maelezo. Karatasi haijaja, ila maneno yake yamenikaa rohoni.

Nauliza: ni haki mtu mwenye meza nne alipie nyimbo zilizomo kwenye simu yake mwenyewe? Na akilipa, hiyo pesa inamfikia nani?

Dereva wa daladala

Usilipe mama. Simu yako, bando lako, umeme unanunua kwa LUKU. Ukilipa hili, kesho wataleta leseni ya kupiga mluzi. Sisi kwenye gari tukizima muziki abiria wananuna, tukiwasha msanii anajulikana hadi vijijini. Sasa nani anamsaidia nani? Yeye ndiye angetulipa sisi kwa kumtangaza.

Mwanafunzi wa sheria, Chumbageni

Kaka dereva, abiria akikwambia halipi nauli kwa sababu anakutangazia gari, utampeleka?

Mama, shikamoo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inatenganisha chombo na kilichomo. Memori kadi ni yako kama sufuria ilivyo yako. Wimbo uliomo una mwenyewe. Ukiusikiliza chumbani na wanao, hakuna wa kukuuliza. Ukiufungulia kwa sabufa mbele ya wateja, hapo umeufikisha kwa umma, na ruhusa ya jambo hilo iko kwa mwenye wimbo. Ndiyo maana hoteli, baa na mabasi hutakiwa leseni. Udogo wa kibanda unaweza kupunguza kiasi cha ada. Haki yenyewe haiondoki.

Wala usiseme utahamia redioni. Leseni ya kituo ni ya kurusha hewani. Wewe ukiifungulia wateja, hilo ni tendo lako.

Na msanii hahitaji kujisajili ndipo amiliki. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na humo haki huzaliwa siku moja na kazi. Usajili unakuja kuwa na maana kwenye mgao, maana pesa haiwezi kumtafuta mtu asiyeandikwa popote.

Fundi simu, stendi

Naona mafundi tumesemwa bila kusalimiwa. Ndiyo, tunajaza nyimbo. Wateja wetu hawaji na majina ya nyimbo, wanakuja na hali zao: "nitilie za harusi", "nitilie za kulia", mwingine "nitilie zile za mama". Ninamtilia, ananipa elfu mbili, anaondoka na dunia nzima mfukoni.

Mnakumbuka stempu za kodi zilizowekwa kwenye CD na DVD mwaka 2013? Zilikuja ili nakala ya wizi ijulikane. Hazikuwa wazo baya, ila zilifika mgeni ameshaaga. Stempu inabandikwa kwenye kasha. Wimbo unaorushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu una kasha gani?

Mwanafunzi wa sheria, Chumbageni

Fundi, kwa heshima zote, wewe una kesi kubwa kuliko ya mama. Yeye anapiga. Wewe unanakili na kuuza.

Fundi simu, stendi

Najua. Ndiyo maana nimeandika "stendi" bila kusema stendi ipi.

Mtoto wa mpiga akodiani, Makorora

Nimesoma nikanyamaza, lakini hapa sitanyamaza.

Tanga ya miaka ya sitini na sabini haikuwa mji mdogo kwenye muziki. Kwenye dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwenye taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, na humo ndimo Bi Shakila alimojulikana kabla Dar es Salaam haijamchukua. Unguja walikuwa na kundi zima limekaa, fidla, udi, ganuni, watu mpaka nyuma. Watu wetu walichukua magitaa, besi, ngoma ndogo na akodiani, wakafanya taarabu ya watu wachache inayoweza kupakiwa kwenye gari moja na kwenda kwenye arusi. Taarabu hiyo ikavuka mpaka, ikasikika Mombasa na kwingineko kwenye santuri.

Baba alipiga akodiani kwenye kundi mojawapo, jina la kundi nitaliacha. Siku ya kurekodi alipewa posho na nauli, akarudi nyumbani na mkate na sukari. Basi. Santuri ikauzwa. Ikaja kaseti, muuza kaseti akapata. Ikaja CD, muuza CD akapata. Ikaja memori kadi, fundi anapata elfu mbili. Kampuni za simu zinauza miito, zinauza bando la kusikilizia. Kila chombo kipya kimekula kwa wimbo uleule.

Mcheza kwao hutuzwa, tuliambiwa. Baba alicheza kwao.

Sasa mama, usikasirike. Mkaa unalipia. Unga wa mchele unalipia, nazi unalipia, iliki yenyewe imepanda na bado unalipia. Kwenye kibanda chako kitu kimoja tu kinaingia bure, nacho ni baba yangu.

Dereva wa daladala

Hapo umenikata maini.

Mwenye kibanda cha chai, Ngamiani

Sikukasirika mwanangu. Nimekaa siku tatu kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka kujaribu jambo. Nilizima sabufa.

Asubuhi hakukuwa na tofauti. Mtu wa alfajiri anataka chai yake na kitumbua cha moto awahi kazini. Hata nikimpigia nyimbo za peponi hasikii. Jioni ndipo nilipoona. Watu walikula wakaondoka. Siku za muziki mtu akimaliza muhogo anaagiza chai, kisha samaki, anabishana Coastal Union na African Sports mpaka isha. Siku hizi tatu nilirudi nyumbani na samaki kwenye karai. Kwa hiyo yule kijana hakudanganya, wimbo unanifanyia kazi. Hilo nimelikubali, dereva anisamehe.

Kuna la pili, nalisema kwa aibu kidogo. Mwezi uliopita niliupiga picha mkate wangu wa kumimina, umeumuka vizuri, kando kuna kikombe cha chai ya tangawizi. Nikauweka status. Baada ya siku mbili nikauona kwenye tangazo la mtu anayeuza vitafunio kwa kuletewa nyumbani, mkate wangu, kitambaa changu cha meza, namba ya simu yake. Niliwaka moto. Nilimpigia nikamwambia maneno ambayo Mungu anisamehe. Nyuma yangu, wakati nagomba, sabufa inaimba wimbo wa mtu.

Hivi mkate nao una hakimiliki?

Mwanafunzi wa sheria, Chumbageni

Picha ndiyo, mkate hapana. Picha ni kazi yako, aliyeichukua bila ruhusa amekukosea kisheria. Ila pishi lenyewe, vipimo vya mchele na tui na hamira, sheria ya hakimiliki hailindi; inalinda namna ulivyoeleza jambo, haikupi umiliki wa ujuzi au utaratibu. Jirani akionja akaenda kupika hivyohivyo, huna la kumfanya.

Mwenye kibanda cha chai, Ngamiani

Na jirani keshaonja. Haya.

Mwanamuziki kijana, Bagamoyo

Natokea Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, huyo TaSUBa wa leo, kwa hiyo huku kila nyumba ya tatu ina mtu anayedai mirabaha, yaani malipo ya kazi yake kutumiwa na wengine. Niongeze chumvi.

Nilirekodi wimbo wa ngoma ambao bibi zetu wote wanaujua, hakuna aliyeutunga, au wote waliutunga. Nikaupandisha YouTube. Mfumo wao unaolinganisha sauti ukaniandikia kuwa sehemu ya sauti hiyo ina mwenyewe. Mwenyewe ni nani? Mtu aliyeurekodi kabla yangu! Nilipinga, nikashinda, lakini wiki mbili zilipita.

Nawaletea kisa hiki kwa sababu moja. Mashine iliutambua wimbo wangu kwa kusikia kipande tu, hata kama ilikosea mwenyewe. Simu ya elfu themanini siku hizi inasikia wimbo ukipita barabarani na kukutajia jina. Sasa kwa nini ada ya kibanda cha chai igawanywe kama vile hakuna anayejua kilichopigwa?

Fundi simu, stendi

Kwani inagawanywaje?

Mwanafunzi wa sheria, Chumbageni

Vyama vya kugawa mirabaha sehemu nyingi duniani hutegemea orodha za redio na televisheni. Kinachopigwa sana hewani ndicho kinachobeba mgao mkubwa, hata wa pesa iliyotoka saluni na baa. Ukipiga taarabu ya Tanga ya 1970 kutwa nzima na redio zinapiga bongo fleva, ada yako inaelekea kumfuata kijana wa bongo fleva.

Mtoto wa mpiga akodiani, Makorora

Ndilo nililokuwa nalisubiri mtu aliseme. Mimi sitaki mama alipe ili alipe tu. Nataka amlipe baba yangu.

Mwanafunzi wa sheria, Chumbageni

Kaka, sina budi kukwambia na hili, na si zuri. Baba alitunga au alipiga?

Mtoto wa mpiga akodiani, Makorora

Alipiga. Maneno yalikuwa ya mshairi wa mtaani, muziki waliujenga pamoja.

Mwanafunzi wa sheria, Chumbageni

Basi ni njia mbili. Haki ya mtunzi huishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Chukua mfano wa Bi Shakila, aliyefariki 2016: wimbo wowote aliotunga yeye mwenyewe una ulinzi hadi 2066. Ila haki ya mpigaji, hiyo wanayoiita hakishiriki, kipimo kilichozoeleka duniani ni miaka 50 tangu siku ya kurekodiwa. Rekodi ya 1968 ilifika ukingoni 2018. Warithi wa mshairi huenda bado wana cha kudai. Kwa baba, kwa rekodi hiyo, nadhani mlango umefungwa.

Mtoto wa mpiga akodiani, Makorora

Kwa hiyo miaka 50 ya kulipwa imekwisha kabla hajalipwa siku moja.

Dereva wa daladala

Pole sana kaka. Mimi nilikuwa nabishana kwa mzaha.

Mwenye kibanda cha chai, Ngamiani

Wanangu, nimewasikia. Karatasi ikija nitalipa, kama ada ni ya kibanda si ya hoteli ya Raskazone. Lakini nitalipa nikiwa na daftari. Nimenunua la mia tano, nimechora mistari: saa, jina la wimbo, aliyeimba. Yeyote atakayekuja kuchukua pesa yangu atachukua na nakala ya daftari, ajue samaki wangu wameuzwa na nani. Kama hataki daftari, aniambie hataki, tujue.

Nimeanza leo jioni. Tatizo limeanza na wimbo wa pili. Kwenye simu hauna jina. Umeandikwa "Track 07", na msanii "hajulikani". Nikapitia kadi nzima: zaidi ya nusu ya taarabu ziko hivyo. Fundi wangu aliponijazia alizitoa kwenye CD ambayo mtu naye aliitoa kwenye kaseti.

Fundi simu, stendi

Ni kweli. Majina yanadondoka njiani. Huwa hatuyarudishi, mteja hayaulizi. Mama, nipe hiyo kadi Jumamosi, nitakaa nayo bure. Zile mpya nitazitambua kwa simu. Zile za zamani mashine haizijui, nimeshajaribu.

Mtoto wa mpiga akodiani, Makorora

Nitumie hiyo namba saba kwenye simu, mama.

Mwenye kibanda cha chai, Ngamiani

Nimeshakurushia.

Mtoto wa mpiga akodiani, Makorora

Nimesikiliza mara nne. Si baba. Baba alikuwa na kawaida ya kuichelewesha akodiani kidogo kabla ya kiitikio, kama mtu anayesita mlangoni. Huyu anaingia moja kwa moja. Nadhani ni wa kundi lile jingine. Kuna mzee mmoja huku kwetu alipiga besi kwenye makundi yote mawili, sasa haoni vizuri lakini masikio anayo. Kesho baada ya alasiri nitampelekea simu. Acha mstari wa pili wazi.