Fonti gani inabeba ŋ na alama za toni? Kijitabu cha Kimakonde, Chiyao na Kiswahili

Mdau_Shangani: Wakuu, naandaa kijitabu cha msamiati wa lugha tatu, kichapwe hapa Mtwara mjini. Kwenye Word ŋ inatoka nene kuliko herufi jirani, na toni juu ya m inakaa pembeni. Faili likifika steshenari, baadhi ya herufi zinakuwa viboksi. Nitumie fonti gani?

Mpangachapa_Lindi: Mkuu, ŋ inanenepa kwa sababu fonti uliyochagua haina herufi hiyo, hivyo Word inaazima kwenye fonti nyingine kimyakimya. Suala la toni ni jingine. Katika Yunikodi, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, á ina namba yake, lakini m̀ haina. Inaundwa na m ikifuatwa na alama U+0300, na fonti isiyojua pa kuiketisha alama hiyo huitupa kando.

Pakua Charis SIL. Ni ya bure, na ina wima (ya kawaida), mlazo (italic) na nene (bold). Doulos SIL ni nzuri lakini ina wima tu, kwa hiyo vidahizo (maneno yanayoelezwa) ukivitaka nene vitakuwa vya kulazimisha, yaani Word itavinenepesha yenyewe. Kama wasomaji ni watoto wanaoanza kusoma, chukua Andika. Ipime kwanza kwa mstari huu: ŋ Ŋ ŵ m̀ ŋ́ í. Pima hadi nene na mlazo, maana ndiko fonti nyingi huangukia.

Kuandika ŋ: chapa 014b, kisha Alt+X. Kwa toni ni 0300 (kama ya m̀) au 0301 (kama ya á), kisha Alt+X, ila angalia: baada ya a, b, c, d, e au f, Word huimeza herufi hiyo kama sehemu ya namba. Chagua tarakimu nne peke yake ndipo ubonyeze Alt+X.

Fundi_Mikindani: Viboksi vya steshenari vinatokana na kompyuta yao kukosa fonti yako. Usiwapelekee faili la Word, wapelekee PDF. Ifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda Fonts: kila jina la fonti liwe na Embedded au Embedded Subset, yaani fonti imepachikwa ndani ya faili. Lisilo nalo ndilo litakaloharibika.

Mdau_Shangani: Shukrani sana. Charis imekubali, ila mistari imeachana mno, kurasa zimeongezeka.

Mpangachapa_Lindi: Imeachia nafasi ya alama zinazopandana. Kwenye Line spacing weka Exactly. Kwa maandishi ya pointi 11 anza na 15. Toni za herufi kubwa zikikatwa vichwa, panda hadi 16.