Naomba ushauri: vita ya mezani, nacheza peke yangu

Habari za jioni wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Nacheza vita ya mezani kati ya nchi mbili za kubuni: askari nimewafinyanga kwa udongo, sentimita 3 kila mmoja, mto ni kitambaa cha bluu, dadu mbili zinaamua mapigo. Shida ni kwamba siri za pande zote nazijua. Jana wa kaskazini walitegewa darajani, nikajikuta nimewazungusha kwenye kivuko. Iliniuma, maana mtego ule niliupanga vizuri.

Nimejaribu karata kuamua kikosi kipi kitangulie. Zamu zimenyooka, ila mpango wa adui bado natunga mimi. Je, nimwandikie adui mipango mingapi, dadu ichague? Na askari wake wa akiba niwafiche vipi nisijue walipo?