Mtoto wetu bado yuko Bulgaria (gumzo la kikundi cha ukoo)

Mama Baraka (Ohio): Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Wengi mnaniuliza pembeni kama mtoto tunayemwasili, yaani tunayemfanya wetu kisheria, yule mwenye Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji), ameshafika. Bado. Ubalozi wa Marekani pale Sofia ulishatoa barua ya kuruhusu tuendelee. Sasa tunasubiri idhini ya waziri wa sheria wa Bulgaria, halafu mahakama ya jiji la Sofia ipange siku. Sisi kortini hatuendi, yuko wakili. Hukumu ikitoka, zikapatikana pasi na viza, ndipo tunaenda kumchukua.

Shangazi Mwanga: Marahaba mwanangu. Jamani, mlolongo wote huo! Si mlishaenda kumwona?

Mama Baraka: Tulienda Shangazi. Sheria yao inataka mkae na mtoto siku 5 angalau, ndipo mseme kama mnamchukua. Na kabla ya hapo afisa wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani akakagua mpaka kabati la dawa. Alama za vidole, vyeti vya daktari, taarifa za benki, kila karatasi igongwe muhuri na itafsiriwe Kibulgaria. Silalamiki, maana Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa mataifa kuhusu kuasili watoto wa nchi nyingine, uliwekwa ili watoto wasiuzwe. Kinachoniuma ni kwamba miezi hii inayopita ni ya kwake yeye. Sisi watu wazima tunaweza kungoja.

Baba Mkubwa: Mwanangu, niulize bila kuzunguka. Watoto wanaohitaji wazazi wamejaa hapa nyumbani. Kwa nini Bulgaria?

Mama Baraka: Ni haki yako kuuliza Baba Mkubwa. Tulishachukua uraia wa Marekani, na Tanzania mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Kwa hiyo mbele ya Sheria ya Mtoto ya 2009 sisi ni wageni, na mgeni lazima awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo ndipo aasili. Kenya walisimamisha wageni kuasili tangu Novemba 2014. China nao wamefunga 2024. Bulgaria wanapokea, na wana orodha ya watoto wenye mahitaji maalumu waliokosa familia kwao. Humo ndimo tulimkuta.

Baba Mkubwa: Nimekuelewa.

Elia: Dada tuone picha basi 🙏

Mama Baraka: Picha na jina haturuhusiwi kuweka mpaka mahakama imalize. Nitakueleza kwa maneno. Ana mwaka na kitu. Ukimwinua kwa makwapa anateleza mikononi, misuli ni laini mno. Kiganjani ana mstari mmoja tu, umekata upande hadi upande. Alizoea kunyweshwa akiwa amelala chali, chuchu ya chupa imetobolewa tundu kubwa maziwa yaishe upesi, maana walezi ni wachache na watoto ni wengi. Nilimpakata nikampa taratibu kwa chuchu ya kawaida. Akasita, akanitazama weee, kisha akaanza kunyonya huku amenishika kidole gumba. Siku ya mwisho Baba Baraka alikohoa tu mlangoni, mtoto akageuza kichwa kumtafuta.

Shangazi Mwanga: 😭😭 Mungu amtunze.

Dada Nesi (Dar): Moyo wamempima? Karibu nusu ya watoto wenye Down wanazaliwa na tatizo la moyo.

Mama Baraka: Wamempima kwa ultrasaundi. Kuna kitundu kidogo wanakifuatilia. Kipimo cha damu cha tezi ya shingoni (thyroid) kiko sawa. Masikio bado.

Dada Nesi (Dar): Akifika tu, masikio na macho msicheleweshe. Wengi wanajaa maji nyuma ya ngoma ya sikio, wanasikia kwa shida, watu wanadhani mtoto haelewi.

Mama Upendo (Tanga): Hapo nesi umesema. Upendo wangu niliambiwa hajui kitu, kumbe hasikii vizuri! Alitembea na miaka 2 na nusu. Leo namtuma dukani na anarudi na chenji yote. Mdogo wangu, wala usiogope. Ila nina ombi kwa wote humu. Nilipomzaa Upendo watu walikuja kunipa pole, wengine na khanga vichwani kama msibani. Huyu akifika, mtu asithubutu kuandika pole. Andikeni hongera.

Elia: Hongera zinaanza leo dada ❤️

Baba Mkubwa: Mama Upendo, mimi nilikuwa mmoja wao siku ile. Umenena. Lakini mwanangu wa Ohio, bado nina wasiwasi mmoja. Ninyi mkizeeka, nani atamwangalia?

Mama Baraka: Tumelizungumza sana hilo. Mwaka 1983 huku Marekani watu wenye Down waliishi wastani wa miaka 25. Sasa ni kama 60, hasa kwa kuwa moyo unapasuliwa mapema. Kwa hiyo ndiyo, huenda akatuzika. Tunaandika wosia, na mwanetu Baraka tumemwuliza mbele ya baba yake kama atamwangalia mdogo wake, hatukumlazimisha. Mengine anayaweza mwenyewe akifundishwa, kama Upendo. Na ana ukoo. Au siyo?

Baba Mkubwa: Anao. Niandike mimi wa kwanza.

Shangazi Mwanga: Bibi amekaa hapa nimemsomea yote. Anasema ameshachagua kanga ya mbeleko, anauliza nani anasafiri kwenda huko karibuni aibebe.

Elia: Rafiki yangu anaenda Columbus, huko huko Ohio, mwezi ujao. Nitaifuata mwenyewe kwa Bibi.

Mama Baraka: Asanteni sana jamani. Tarehe ya mahakama ikitoka naandika humu kabla ya pengine popote. Dada Mama Upendo, Jumamosi naomba nikupigie kwa video unionyeshe yale mazoezi ya kukaa na kusimama.

Mama Upendo (Tanga): Saa 2 usiku yetu. Upendo ndiye atakuonyesha, anayajua yote.