Ukoo wa Mzee Charo: habari za Kazungu

*Jumanne*

Sidi, 19:04: Hamjambo nyote. Kazungu ameniruhusu nilete jambo hili hapa. Anataka kuacha pombe, na anataka kwenda kwenye mikutano ya AA, ile ya walevi wanaosaidiana kuacha.

Mjomba Katana, 19:09: Hayo ni mambo ya wazungu. Kijana aombewe.

Mama Dama, 19:10: Aombewe mara ngapi Katana? Juzi katoka kwenye maombi kapitia mangwe, kilabu cha mnazi.

Mapenzi, 19:10: 😂😂 Nisameheni, nimeshindwa kujizuia

Karisa (Nairobi), 19:14: Mimi naona tumpeleke rihabu miezi mitatu, afungiwe huko. Nachangia nusu. Nusu mtajijua.

Sidi, 19:19: Subiri kaka, usitoe pesa bado. Nimepiga 1192, ile simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kitu cha kwanza nilichoulizwa: asubuhi kabla hajanywa anatetemeka? Nikasema ndiyo, hata kikombe cha chai kinamwagika. Nikaambiwa asiache ghafla nyumbani, aanzie kwa daktari.

Mama Dama, 19:21: Kuacha nako kuna madhara? Makubwa haya.

Mapenzi, 19:27: Mama, tunawaona sana wodini. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, mwili unaizoea. Ukiikata ghafla anatoka jasho, hapati usingizi, na ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Wengine siku ya pili au ya tatu wanaanza kuona vitu visivyokuwepo. Hiyo huua. Hospitali wanampa dawa ya kumtuliza, wanaipunguza polepole, na vitamini B1. Msimnunulie dawa dukani tu.

Mapenzi, 19:29: Mnakumbuka alipofungiwa chumbani akaona nyoka ukutani? Mkasema amerogwa. Alikuwa na siku tatu hajagusa glasi.

Mama Dama, 19:30: Na mbuzi wangu akaenda kwa mganga.

Mjomba Katana, 19:33: Tuseme daktari sawa. Hao AA ni dini gani?

Sidi, 19:41: Si dini Mjomba. Wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa kwa sababu ndio uliopatikana. Wana hatua 12, na Mungu yumo, ila wanasema Mungu kadiri kila mtu anavyomfahamu. Hakuna ada. Kikapu kinapita, anayetaka anaweka ya kodi na chai. Unaingia kwa jina la kwanza tu. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Walioanzisha ni Wamarekani wawili, 1935, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Walevi wote wawili.

Mjomba Katana, 19:42: Daktari wa upasuaji??

Karisa (Nairobi), 19:45: Sawa. Natuma ya hospitali sasa hivi. Nitume kwa nani?

Mama Dama, 19:45: Kwa yeyote ila usimpe Kazungu mkononi.

Kazungu, 19:46: Nimo humu jamani. Nawasoma tangu saa moja.

Kazungu, 19:48: Mtumie Sidi. Mama anasema kweli.

*Alhamisi, wiki mbili baadaye*

Sidi, 20:52: Tumetoka AA. Ulikuwa mkutano wa wazi, ndiyo maana nikaruhusiwa kuingia. Ile iliyofungwa, ya walevi peke yao, ataenda mwenyewe.

Mama Dama, 20:53: Kasemaje? Kakutana na nani? Kuna tunaowajua?

Kazungu, 20:58: Mama hayo hayasemwi. Ya pale yanabaki pale.

Kazungu, 21:04: Yangu naweza kusema. Viti vya plastiki, chai ya rangi, watu kama kumi na kitu. Mtu anataja jina lake, anasema mimi ni mlevi, anaeleza. Hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri. Mimi sikusema kitu na hakuna aliyenilazimisha. Nilidhani nitakuta watu wamechakaa. Wengine wamevaa vizuri kuliko mimi. Mmoja kanipa namba yake, kasema nimpigie nikibanwa na hamu KABLA sijanywa, nikishakunywa nitakuwa nampigia kumsumbua tu.

Mapenzi, 21:06: 👏🏾👏🏾 Mama, na jamaa za walevi wana mikutano yao, Al-Anon. Ipo hata ya kwenye simu.

Mama Dama, 21:07: Mimi sinywi.

Mapenzi, 21:07: Ndiyo Mama. Ila unalala mlangoni ukimsubiri.

Mama Dama, 21:15: Nitumie hiyo namba ya kuingilia.

Mjomba Katana, 21:20: Hongera kijana. Sasa tuyaache hayo. Jumamosi ni matanga Kaloleni, wazee hawawezi kukaa bila mnazi. Kazungu wewe ndiye unayewajua wagema, tuletee madumu manne mapema.

Sidi, 21:20: MJOMBA

Mjomba Katana, 21:22: Nini? Sikumwambia anywe, nimesema abebe.

Kazungu, 21:25: Mjomba, mimi nikilibeba dumu halifiki. Wazee wanywe mnazi wao, sina neno. Mimi nitakuja kuzika na kurudi, jioni sitakaa. Mtumeni Karisa.

Karisa (Nairobi), 21:26: Mimi hata mgema mmoja simjui

Kazungu, 21:27: Nakutumia namba zao sasa hivi. Kisha nazifuta kwangu.