Mjadala: Malaria ikishashuka, fedha za kinga nazo zishushwe?

Mleta mada

Wadau, kila msimu wa kupanga bajeti huibuka hoja ileile, na leo nataka tuikabili waziwazi. Inasema hivi: mahali ambapo malaria imeshuka sana, fedha za vyandarua, za kupulizia dawa ukoko majumbani na za kufuatilia wagonjwa zihamishiwe kwenye mahitaji mengine, kwani kazi imekaribia kwisha. Naipinga. Nasema hapo ndipo fedha hizo zinapohitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Tazameni Sri Lanka. Mwaka 1963, enzi hizo ikiitwa Ceylon, iliandikisha wagonjwa 17 wa malaria. Kumi na saba, nchi nzima! Upuliziaji ukasimamishwa, ufuatiliaji ukalegea, wataalamu wakapangiwa kazi nyingine. Kufikia 1968 na 1969 wagonjwa walikuwa zaidi ya nusu milioni. Nchi hiyo ilikuja kutangazwa haina malaria mwaka 2016. Miaka michache ya kulegea ililipiwa kwa karibu nusu karne.

Zanzibar nayo imeyapitia hayo zaidi ya mara moja. Kampeni iliyoishia 1968 ilishusha maambukizi hadi chini ya asilimia 5, kisha kazi ikaachwa na ugonjwa ukapanda tena. Wakajaribu upya miaka ya 1980, ufadhili ukaisha, ukapanda tena. Ni baada ya 2003, dawa mseto, vyandarua na upuliziaji vilipokwenda pamoja bila kukatika, ndipo maambukizi yaliposhuka hadi chini ya asilimia 1.

Tena si visiwa peke yake. Mwaka 2012 watafiti walikusanya matukio 75 ya malaria kurudi kwa nguvu katika nchi 61, kuanzia miaka ya 1930. Matukio 68 kati ya hayo yalihusishwa na kulegea kwa mipango ya udhibiti, na zaidi ya nusu ya hayo 68 sababu ilikuwa upungufu wa fedha au rasilimali.

Kwa nini hurudi kwa kishindo? Kwa sababu mbu hajaondoka. Kilichopungua ni vimelea ndani ya damu za watu. Na wakati ugonjwa uko chini, watoto hukua bila kuugua, na watu wazima hupoteza ule ustahimilivu wa mwili uliojengwa na kuugua mara kwa mara. Akiingia msafiri mmoja mwenye vimelea, huku chandarua kimechanika na dawa ya ukutani imekwisha nguvu, moto huo unakuta nyasi kavu. Wanaanguka hata watu wa miaka thelathini.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, historia hiyo siibishii. Ila umeliruka swali gumu: fedha za nani?

Mwaka 2023 dunia nzima ilitumia takriban dola bilioni 4 kupambana na malaria, wakati lengo lilikuwa bilioni 8.3, na sehemu kubwa ya hizo bilioni 4 ilitoka nje ya nchi zinazougua. Januari 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote, ikasimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja. Ukidai leo ufadhili endelevu, unaidai kamba ileile iliyokatika. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti za serikali zao kwenda kwenye afya, na nchi nyingi hazijafika hapo. Kwa nini mgeni aendelee kuziba pengo ambalo mwenye nyumba halioni kuwa lake?

Pili, Ulaya malaria ilianza kuondoka watu walipokausha mabwawa, wakajenga nyumba bora na wakapata kipato. Wekeni fedha kwenye barabara, umeme na viwanda. Uchumi ukikua, malaria itaondoka yenyewe.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Naomba niseme ninachokiona, maana mnazungumzia fedha kama kitu kisicho na tarehe.

Kinga ya malaria ina kalenda, na kalenda hiyo inapangwa na mvua. Upuliziaji lazima utangulie mvua. Zile dawa za kinga wanazopewa watoto wa chini ya miaka mitano katika nchi za Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, hutolewa kila mwezi katika msimu wa mvua; mwezi mmoja ukirukwa, mtoto anabaki wazi mwezi huo. Vyandarua vyenye dawa huhesabiwa kudumu kama miaka mitatu, lakini tunaoingia vyumbani tunajua vingi huchanika mapema. Sasa fedha ikichelewa miezi mitatu, kwenye vitabu vya hesabu itasomeka imetolewa yote, hakuna kilichopungua. Kwa mtoto aliyelala bila chandarua miezi hiyo mitatu, haikutolewa.

Na kuna jambo la uchumi ambalo wachumi hawaligusi. Mvua inayoleta mbu ndiyo inayoleta kilimo. Homa inaingia nyumbani katika wiki zilezile za kulima na kupalilia. Mtoto akishikwa na homa, mama anaacha jembe, anambeba kwenda kituoni, anasubiri kipimo, anarudi na dawa, anamuuguza siku mbili tatu. Magugu hayamsubiri. Mavuno yakiwa haba mwishoni mwa msimu, hakuna anayeandika popote kwamba malaria ndiyo iliyoyala. Watasema ni mvua.

Wajawazito nao msiwasahau. Malaria ikiingia kwenye mimba, mama anaishiwa damu na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Dozi za SP, vidonge vya kumkinga na malaria, anazopewa kliniki na chandarua anachopewa siku ya kwanza ya mahudhurio si vitu vikubwa. Lakini vikikosekana wiki moja tu, walio na mimba wiki hiyo wamekosa, na huwezi kuwarudishia baadaye.

Mchangiaji wa tatu

Vyandarua vingine vinaishia kuvulia samaki na kuzungushia bustani. Tunamwaga maji kwenye gunia. Na sasa kuna chanjo. Si tuchanje tu, tuachane na mengine?

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, vingi ninavyovikuta bustanini ni vile vilivyokwisha chanika. Kipya kikitumika vibaya ninakwenda kuongea na kaya hiyo, ndiyo kazi yangu, na kazi hiyo nayo inahitaji posho na viatu.

Kuhusu chanjo, ninaifurahia kuliko unavyodhani. Lakini inahitaji dozi nne, na nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Mtoto aliyechanjwa bado anahitaji chandarua.

Mleta mada

Nimpongeze dada, au kaka, mhudumu wa afya. Hoja ya kalenda ni nzito kuliko zangu zote, kwa sababu inaonyesha kwamba fedha nyingi zinazokuja kwa kushtukiza zinaweza kufanya kazi ndogo kuliko fedha za wastani zinazofika kila mwaka kwa wakati wake. Aliyeuliza habari za vyandarua namwongezea hili: makadirio yaliyochapishwa 2015 yanaonyesha kwamba kuanzia 2000 hadi 2015 hatua za kinga na tiba zilizuia takriban visa milioni 663 vya malaria Afrika, na vyandarua pekee vilichangia asilimia 68. Gunia hilo lina maji.

Sasa nirudi kwa mchangiaji wa kwanza. Hoja yako ya uchumi inakwenda kinyumenyume. Kuna utafiti wa wachumi Gallup na Sachs wa 2001 ulioonyesha kwamba nchi zenye malaria kali zilikua polepole zaidi kwa asilimia 1.3 kila mwaka kuliko nyingine. Najua utasema labda ni umaskini unaoleta malaria, wala si malaria inayoleta umaskini, na ni haki yako kusema hivyo. Kwa hiyo nakupa ushahidi mwingine. Mchumi Hoyt Bleakley alifuatilia kampeni dhidi ya malaria za Marekani miaka ya 1920, na za Brazil, Colombia na Mexico miaka ya 1950. Watoto waliozaliwa baada ya kampeni, katika maeneo yaliyokuwa na malaria nyingi, walikuja kupata kipato kikubwa zaidi ukubwani kuliko waliozaliwa kabla yake katika maeneo hayohayo. Ukimkinga mtoto leo, faida utaiona kwenye mshahara wake baada ya miaka ishirini. Hakuna muhula wa uchaguzi wenye urefu huo, na ndiyo maana fungu hili huwa la kwanza kukatwa.

Hata Marekani haikuisubiri malaria iondoke yenyewe. Kuanzia 1947 iliendesha mpango wa taifa wa kuitokomeza, ikapulizia dawa mamilioni ya nyumba, na ilipomaliza haikuacha kufuatilia wagonjwa.

Na maendeleo nayo yana mbu wake. Djibouti iliripoti wagonjwa 27 tu mwaka 2012. Mwaka huohuo akagunduliwa Anopheles stephensi, mbu kutoka Asia anayezaliana kwenye matangi na madumu ya maji mijini. Kufikia 2020 wagonjwa walikuwa zaidi ya 73,000. Hapo hakukuwa na kinamasi. Palikuwa na jiji linalokua.

Mchangiaji wa kwanza

Djibouti nakupa. Bleakley pia nakupa, kwa shingo upande. Lakini bado hujaniambia nani alipe.

Mleta mada

Nakujibu bila kuzunguka. Serikali zetu zilipe zaidi, na hapo mimi nawe tuko upande mmoja. Lakini mwaka 2023 malaria iliua takriban watu 597,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano wa Afrika, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Niger na Tanzania. Niger ni miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Huwezi kumwambia wa huko: subiri wizara ya fedha ijifunze somo, mwanao ndiye karo.

Ninachotaka ni ratiba ya kukabidhiana: mfadhili apunguze mchango wake kwa kiwango kinachojulikana miaka kadhaa kabla, na serikali ipandishe wake kwa kiwango hichohicho, kwenye fungu lenye jina lake, lisilochotwa katikati ya mwaka. Na fungu hilo liwe na nafasi ya kubadilisha silaha. Mbu wengi wameshazoea dawa ya pairethroidi iliyopakwa kwenye vyandarua vya zamani, vyandarua vipya vyenye dawa mbili ni ghali zaidi, na usugu wa kiasi wa vimelea kwa artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, umethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Bajeti ya mwaka juzi hainunui kinga ya mwaka kesho.

Mchangiaji wa kwanza

Ratiba yenye tarehe naiunga mkono. Msaada usio na tarehe ya mwisho bado naupinga, na nitaupinga hata ukiitwa endelevu. Swali langu kwa mhudumu wa afya: vyandarua vinavyotakiwa kugawiwa kabla ya mvua vinapaswa kuagizwa lini?

Mchangiaji wa pili

Karibu mwaka mmoja kabla. Kuna zabuni, kiwanda, meli, bandari, maghala, halafu sisi kuandikisha kaya moja moja. Kwa hiyo vya mvua ya mwakani vinaamuliwa sasa, katika bajeti hii mnayobishania.

Mleta mada

Mjadala bado uko wazi. Anayejua nchi iliyofanikiwa kukabidhiana mzigo huo bila malaria kurudi, alete mfano wake, na aeleze ilichukua miaka mingapi.